Fundi Aliyefungia Kazi Kichwani

Mtambo wa kufumia nguo ukigoma usiku, hasara huanza kuhesabiwa papo hapo. Maelfu ya nyuzi za mtande zimekazwa tayari, uzi wa mshindio umekatika katikati ya safari, wafumaji wamekunja mikono, na macho ya msimamizi wa shifti yako kwenye saa ya ukutani. Katika kiwanda kimoja cha Eldoret, miaka ya themanini, hali ikifika hapo mtu wa kuitwa alikuwa mmoja tu. Dereva alitumwa mtaa wa Huruma na pikapu ya kampuni akagonge dirisha: "Fundi, amka. Namba saba imelala."

Fundi huyu ni wa hadithi. Nimemtunga kutokana na tabia ninazozijua za watu wa kazi, na kiwanda chake nacho ni cha hadithi, ndiyo maana hakina jina. Mji ni wa kweli, nyakati ni za kweli, na misukosuko iliyomkuta iliwakuta wafanyakazi halisi wa Eldoret. Namsimulia kwa kuwa bado nasikia vijana wakipeana ushauri uleule uliommaliza: jifanye mtu ambaye bila yeye kazi haiendi, na hakuna atakayethubutu kukugusa.

Aliajiriwa 1979. Kiwanda cha nguo cha Rivatex kilikuwa kimeanzishwa miaka mitatu tu nyuma, mwaka 1976, na mji uliozaliwa kwenye shamba namba 64 la walowezi ulikuwa umeanza kuvuta watu kutoka pande zote. Kulikuwa na Raymond waliofuma vitambaa vya sufi, kulikuwa na EATEC waliokamua magome ya miwati kupata dawa ya kutengenezea ngozi, kulikuwa na KCC na maziwa yake. Mtu akipata namba ya kiwanda alituma barua nyumbani, na nyumbani wakachinja kuku.

Yeye alianza kwa kufagia. Chini ya mitambo ya kufumia hujikusanya vumbi la pamba jepesi kama manyoya, linaingia puani na kwenye nywele, na usipoliondoa linashika moto. Akiwa pale chini na ufagio wake alikuwa akimtazama fundi mkuu wa wakati huo, mzee asiyetaka kutazamwa. Mzee yule alikuwa akigeuka na kuuziba mtambo kwa mgongo kila alipokaza nati muhimu. Mfagiaji akajifunza kwa kuiba: akasikiliza mlio, akahesabu mizunguko ya mkono wa mzee, akarudi wakati wa chakula kuangalia nati ipi imebadilika. Ilimchukua miaka. Mzee alipostaafu, hakuna mwingine aliyejua, na ufagio ukapewa mtu mwingine.

Mtu aliyeteswa hivyo angeweza kuapa kwamba hatamtesa mwenzake. Fundi wetu alichota somo lingine kabisa. Aliona kwamba ule mgongo uliogeuzwa ndio uliomlisha mzee hadi siku ya kustaafu, naye akaamua kuufanya wake.

Mbinu yake niieleze kwa karibu, maana naijua ilivyo katika ofisi, hospitali na gereji za leo, hata kama vifaa vimebadilika. Alipewa kijana wa kumsaidia, mzaliwa wa Turbo, aliyemaliza shule na kuingia kiwandani mwaka 1988. Walikuwa wakifungua mtambo pamoja, wakitoa kile kidude cha mbao kinachorushwa huku na huku kikiwa kimebeba uzi, wakisafisha, wakitia oili. Kazi ya mikono yote ilikuwa ya kijana. Kisha ikifika pale pa kurekebisha muda, yaani kupanga kidude kile kirushwe sekunde ipi nyuzi za mtande zinapokuwa zimefunguka, Fundi alisimama wima, akajipangusa mikono.

"Kijana, kimbia stoo uniletee spana kumi na nne."

"Mzee, kumi na nne iko hapa kwenye boksi."

"Nimesema stoo."

Kijana akienda na kurudi, mtambo ulikuwa umeshaanza kunguruma na mzee anavaa koti. Kitabu cha maelezo kilichokuja na mitambo kilikuwa na kurasa zilizonyofolewa, na kurasa hizo zilikaa Huruma, chini ya godoro. Likizo yake ikikaribia alilegeza kitu kidogo hapa na pale, kisichoonekana, ili wiki ya pili dereva wa pikapu aje kugonga dirisha. Meneja alimpa unga na sukari kumshukuru kwa kuja siku ya Jumapili. Fundi alibeba ule unga barabarani ukionekana, ili watu wajue.

Simwiti mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na woga wake ulikuwa na sababu: kiwanda hakikuwahi kumwambia kwamba akifundisha atafaidika. Hapa wasimamizi nao wana lawama, na si ndogo. Unamwambia mtu amfundishe mdogo wake kila alichonacho, humwongezi shilingi, humpi cheo cha ualimu, kisha unashangaa akificha. Mwenye kiwanda anayetaka maarifa yasambae lazima ayalipie yanaposambazwa. Wengi hawafanyi hivyo hadi leo.

Lakini sababu ya woga haiondoi gharama zake, na zilizomfika mzee huyu zilikuja moja moja bila yeye kuziunganisha. Nafasi ya msimamizi wa shifti ilipotokea, jina lake lilitajwa na kukatwa katika kikao kimoja: akipanda juu, mitambo atamwachia nani? Kampuni ilipotaka kupeleka mtu mmoja mafunzoni Nairobi kwa majuma kadhaa, jibu likawa lilelile, haiwezekani Fundi aondoke. Akaenda mwingine asiyejua nusu ya aliyojua yeye, akarudi na cheti. Harusi ya dada yake aliikosa. Mwaka baada ya mwaka alikuwa palepale, mshahara palepale, na kila alipokataliwa kitu alijifariji kwamba wamekataa kwa kuwa wanamhitaji.

Jambo ambalo hakuliona ni moyo wa meneja. Hakuna mwenye mali anayependa kushikwa koo na mfanyakazi, hata kama anatabasamu na kutoa unga. Mkono uleule uliompa sukari ndio uliokuwa ukiandika makao makuu kuomba mitambo ya aina nyingine, na kuuliza kama kuna fundi mwingine anayeweza kuletwa. Kumfanya mkubwa wako akuhofie ni kumpa kazi ya kutafuta namna ya kuachana nawe.

Kijana wa Turbo, kwa upande wake, alikuwa na daftari. Daftari la kawaida la shule, la kukunja mfukoni. Aliandika alichokiona kabla ya kutumwa stoo na alichokikuta akirudi, akachora nati zilivyokaa kabla na baada. Pale katikati pasipojulikana alijaza kwa kubahatisha, akikosea na kufuta. Alipofahamu jambo alimwonyesha mfumaji wa mtambo ule, mara nyingi mama mtu mzima aliyekaa na mashine ile miaka kumi na anayejua tabia zake kuliko mafundi wote. "Mama, ukisikia mlio huu, zima hapa kwanza usingoje nyuzi zikatike." Wafumaji wakaanza kuzuia hasara kabla haijatokea, jambo lisilokuwa na faida yoyote kwa Fundi, kwa sababu mtambo usiogoma hauhitaji mtu wa kuuamsha. Kijana akafanya pia ule mtihani wa ufundi wa serikali, wa gredi, ambao siku hizi uko chini ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Alianza gredi ya tatu, akapanda.

Fundi alipoona cheti cha gredi alicheka. "Karatasi haifumi nguo," alisema.

Miaka ya tisini ikafika na mambo yake. Soko lilifunguliwa, mitumba ikamiminika kwa bei ambayo kiwanda cha ndani hakingeweza kuifikia. Wakulima wa pamba wa magharibi na Nyanza, waliochoka kungoja malipo, walipanda vitu vingine. Kisumu, kiwanda cha nguo cha KICOMI kikafungwa. Eldoret nako, kufikia mwaka 2000 Rivatex ilikuwa mikononi mwa mrasimu, na KCC ilikuwa imeyumba vibaya hadi ikabidi serikali iifufue kama New KCC mwaka 2003. Wanaume waliozoea king'ora cha saa moja asubuhi walijikuta wakiamka bila pa kwenda.

Kiwanda cha hadithi yetu hakikufungwa moja kwa moja. Kilikata shifti mbili kikabakiza moja, na orodha ikaandikwa ya watakaobaki. Swali la meneja lilikuwa jepesi: nikibaki na mafundi wawili, nani atanifanyia kazi ya watano? Kijana wa Turbo alijua kufuma, kuzungusha nyuzi kwenye mabobini na kidogo upande wa rangi, kwa kuwa alikuwa amezoea kuwauliza watu wa idara nyingine. Wafumaji walimtaja. Na nisifiche kitu, mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa mzee. Hilo nalo lilihesabiwa. Fundi hakuamini hadi aliposoma orodha mara ya pili ubaoni. Wiki nzima alikaa Huruma akingoja pikapu ije kugonga dirisha. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, nenda ukachukue barua zako."

Alipokwenda, karani alimpa cheti cha utumishi. Kazi iliyoandikwa ilikuwa ya mfanyakazi wa kawaida. Miaka yote ile hakuwahi kudai barua ya kubadilishwa cheo, kwa sababu alidhani kila mtu anajua yeye ni nani. Faili lake lilianza na kuishia kwenye ufagio. Alichukua karatasi ile hadi kiwanda kingine cha mjini, akaomba kazi ya ufundi.

"Cheti cha gredi unacho?"

"Mikono yangu ndiyo cheti."

"Mzee, mikono haiingii kwenye faili."

Akaomba waulizwe watu waliofanya naye kazi. Walikuwepo wawili pale pale, mmoja tayari ni msimamizi. Waliulizwa, nao hawakumsengenya. Walisema waliyoyajua: mzee alikuwa na sifa kubwa, lakini hawakuwahi kumwona akifanya. Kila ilipofika hapo, wao walikuwa stoo.

Sasa kuna watakaosoma hapa na kuuliza, na wana haki: je, kijana akifundishwa kila kitu, mwenye kampuni hatamchukua yule wa bei rahisi na kumtupa aliyefundisha? Hutokea. Nimeshasema hata katika hadithi hii bei ilihesabiwa. Lakini angalia Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inavyosema kuhusu kupunguza wafanyakazi. Kifungu cha 40 hakimwachii mwajiri achague anavyotaka. Anapaswa kutoa notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi, na kama mfanyakazi si mwanachama, apewe yeye mwenyewe kwa maandishi pamoja na afisa wa leba. Anapaswa kulipa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa kazi. Na katika kuchagua nani aende, lazima azingatie muda wa utumishi, ustadi, uwezo na kutegemewa kwa kila mtu.

Mambo hayo manne ndiyo ningemwomba kila mwajiriwa ayatafakari. Muda wa utumishi unajihesabu wenyewe. Hayo mengine matatu lazima yathibitishwe, na yakifika mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, pale pale Eldoret, yatathibitishwa kwa maandishi na kwa midomo ya wenzako. Mtu aliyefundisha wenzake kumi ana mashahidi kumi wa ustadi wake. Mtu aliyeficha ana shahidi mmoja, na huyo ni yeye mwenyewe. Mwalimu wa kazi akitupwa kwa ajili ya bei anaweza kusimama akajieleza, na mwajiri ndiye atakayetafuta maneno. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 51, inakupa haki ya cheti cha utumishi unapoondoka, chenye aina ya kazi uliyofanya. Kisome kabla hujatoka getini. Kama kinasema mfagiaji na wewe ni fundi, gombana siku hiyohiyo, usingoje miaka.

Na usingoje kuondoka ndipo uanze kuandikwa. Ukikabidhiwa kazi ya cheo kingine, omba barua. Kama ni kibarua wa kutwa na siku zako za kazi mfululizo zimefika mwezi mzima, kifungu cha 37 kinakutazama kwa jicho tofauti na la kibarua. Uliza kwenye chama au ofisi ya leba. Fundi aliyejifunza kwa macho bila kukanyaga darasa leo ana mlango ambao mzee wetu aliucheka: mitihani ya NITA ipo, na nchi ina mfumo wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, chini ya KNQA, mamlaka ya taifa ya sifa za elimu na ujuzi. Karatasi kweli haifumi nguo. Inamfikisha tu mfumaji mbele ya mtambo mwingine, mahali ambapo hakuna anayemjua.

Kuna aina nyingine ya kujilinda ambayo nayo haifai, ile ya kumsifu bosi, kumbebea mkoba na kumpelekea habari za wenzako. Sitaikalia. Bosi akihamishwa, na hao wenzako wakabaki, utajua thamani yake.

Nirudi kwenye thamani halisi. Mfanyakazi wa kutegemewa mimi humtambua akiwa hayupo. Akienda likizo, kazi yake inaendelea bila vurugu, kwa kuwa ameacha maelezo yanayosomeka na mtu anayejua pa kuanzia. Akirudi, watu wanafurahi kwa sababu mambo magumu sasa yatakwenda haraka zaidi. Habari mbaya anaileta mapema, bado ikiwa ndogo. Anajua kazi ya jirani yake kiasi cha kutosha kuona inapokwama. Mkubwa wake halali akiogopa siku mtu huyu atakapougua, na ndiyo maana hamtafutii mbadala. Anamtafutia nafasi ya juu, kwa kuwa tayari kuna wa kuishika ya chini.

Hata hivyo hakuna anayeweza kuahidiwa usalama mzima. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, wafanyakazi wa miradi ya afya hapa magharibi mwa Kenya walirudishwa nyumbani, na Eldoret, ambako mpango wa afya wa AMPATH umekuwa ukihudumia wagonjwa wa Ukimwi tangu 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na vyuo vya Marekani, pigo hilo lilisikika sana. Wauguzi, makarani wa takwimu, washauri nasaha: wengi wao walikuwa hodari na waaminifu, na hakuna bidii ambayo ingemfikia aliyetia sahihi Washington. Kumwambia mtu kama huyo kwamba angejituma zaidi ni kumtukana. Anachoweza kuwa nacho mtu wa namna hiyo ni rekodi ya kazi aliyoifanya na watu waliomwona akiifanya.

Hata Rivatex ilipoinuka tena haikuwa ileile. Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua mwaka 2007, kikiitaka kwa mafunzo na utafiti pamoja na uzalishaji, na mwaka 2019 ikazinduliwa upya ikiwa na mitambo mipya iliyopatikana kwa mkopo wa India. Kiwanda kilichokuwa mikononi mwa chuo kilitaka fundi anayeweza kusimama mbele ya wanafunzi akaeleza anachofanya na kwa nini. Kurasa zilizokaa chini ya godoro la Huruma zilikuwa za mitambo ambayo haikuwepo tena.

Kijana wa Turbo naye alimwaga unga. Kiwanda chake kilifunga hata ile shifti moja iliyobaki, miaka michache baada ya mzee kuondoka, na cheti cha gredi hakikuzuia hilo. Alirudi kwake akalima mahindi, akapeleka magunia bodi ya nafaka kama wengine. Kazi ya kwanza aliyoipata baada ya hapo hakuiomba. Alikuwa amewafundisha vijana kadhaa katika miaka yake ya mwisho kiwandani, bila kumtuma yeyote stoo, na mmoja wao alikuwa amehamia kiwanda cha nguo upande wa Athi River, kwenye eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje, ambako wageni waliokuwa na mitambo mingi hawakuwa na watu wa kutosha wa kufundisha kazi. Meneja wake alimuuliza kama anamjua mtu. Yule mwanafunzi akapiga simu dukani kwa jirani, wakamwita mwalimu wake kutoka shambani.

"Mwalimu, huku kuna nafasi. Nimeshawaeleza wewe ni nani, na nimewaambia ninayoyajua nimeyatoa kwako. Njoo Jumatatu, ubebe vyeti na lile daftari."